Faini ya Jumamosi ya Tano

Mheshimiwa mwakilishi wa Wilaya ya Kicukiro, uliyeacha usingizi wako wa baada ya umuganda ukaja kukaa na wauza tiketi; Mkurugenzi wetu, Mzee Nsengiyumva, mwenye mabasi yote ya Umusambi, mwenye meza hizi, mwenye nyama hii na, kama mtakavyosikia, mwenye makosa haya; Mzee Habiyaremye, uliyesafiri kutoka Nyamasheke, si kuja kula bali kuhakikisha kwamba tunakula; maharusi wetu wa mwaka jana, Rodney na Kamikazi; madereva, mafundi, akina mama wa tiketi, na ninyi majirani wa hapa Rebero mnaochungulia juu ya ukuta, ingieni tu, sahani zipo; na wewe mwenyewe, Mama Kayitesi, unayejifanya unatafuta kitu ndani ya mkoba ili usinitazame: nawasalimu wote kwa pamoja, na asiyetajwa ajihesabu kati ya wakubwa.

Mnaonifahamu mnajua mimi ni Nasiri, mkuu wa kituo chetu cha Nyabugogo, mzaliwa wa Nyamirambo. Nimepewa kazi ya kuzungumza kwa sababu mbili. Ya kwanza, hapa tuna madereva wa Kampala, wa Bukavu na wa Mwanza, na Kiswahili ndiyo lugha pekee ambayo wote tunaweza kutukanana bila mkalimani. Ya pili, ni Ramadhani, nimefunga. Ile mishikaki ninaiona, moshi wake ninausikia, lakini siigusi mpaka jua lizame. Kwa hiyo kama kuna mtu mwenye haraka hapa, huyo si mimi.

Wageni wengi wameniuliza mlangoni: huyu mama anayeagwa alikuwa akifanya kazi gani hasa? Haendeshi basi, hakati tiketi, hajawahi kumfukuza mpiga debe hata mmoja. Ndugu zangu, Mama Kayitesi ni mtunza hifadhidata. Ni neno zuri, lakini pale gare, yaani stendi, tunasema mashine tu. Ndani ya mashine mna majedwali: safari hii, basi lile, dereva yule, limetoka lini, limefika lini. Kazi yake ilikuwa kuifundisha mashine hiyo kujumlisha siku na kutoa saa. Mtasema, hiyo nayo ni kazi? Si hata mtoto wa darasa la pili anajua kutoa? Anajua, ndiyo. Anajua kutoa machungwa. Chungwa halina Februari.

Nawapa mfano mmoja mdogo. Kabla ya Mama Kayitesi kuja kwetu kutoka Mwanza, alikokulia, mashine yetu ilikuwa ikichukua saa ya ukutani Kampala na kuitoa saa ya ukutani Nyabugogo, kisha inasema: safari imechukua muda huu. Sasa, Kampala wako mbele yetu kwa saa nzima. Dereva wetu Niyongabo, yule pale aliyekwisha kujaza sahani, katika wiki moja alipata karipio mara mbili. Mara ya kwanza kwa kwenda Kampala polepole kama anayesindikiza maiti. Mara ya pili kwa kurudi kutoka Kampala kama aliyefukuzwa. Barabara ni ileile, mguu ni uleule, basi ni lilelile bovu. Mama Kayitesi aliposikia, alicheka mpaka akavua miwani, kisha akasema, "Ndani ya mashine iwe saa moja tu kwa dunia nzima. Mtu akitaka kusoma, hapo ndipo tumvalishe saa ya mji wake." Tangu siku hiyo Niyongabo ni dereva wa kawaida, na hajawahi kumsamehe kwa hilo, maana ile sifa ya kuruka alikuwa ameanza kuipenda.

Lakini hatukukusanyika kwa sababu ya Niyongabo. Tumekusanyika kwa sababu ya Jumamosi.

Kwa wageni wetu wa nje niseme hivi: Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, nchi hii inashika jembe. Ndiyo umuganda. Asubuhi hakuna duka, hakuna basi, hakuna mheshimiwa. Kuna mfereji, kuna majani, kuna wewe. Magari yanaanza kutembea kazi ikiisha na watu wakishafanya kikao chao. Sasa kampuni inayouza tiketi kwa simu ni lazima mashine yake ijue siku hiyo ni ipi, isije ikamuuzia mtu safari ya asubuhi ambayo haipo. Mwaka jana mwezi wa sita tulikaa ofisini kulijadili jambo hilo. Mkurugenzi aliuliza swali moja, akajibu mwenyewe, kama kawaida yake.

"Umuganda iko Jumamosi ya ngapi? Ya mwisho. Mwezi iko na wiki ngapi? Nne. Basi ya mwisho ni ya nne. Kayitesi, andika nne, tuende kula."

Mama Kayitesi akasema, kwa ile sauti yake ya Mwanza inayokukosoa huku inakukaribisha chai, "Mkurugenzi, miezi mingine ina Jumamosi tano."

"Wewe iko unapenda kupanda mlima, na barabara iko."

"Si mlima. Tunachukua tarehe moja ya mwezi unaofuata, tunatoa siku moja, tunapata siku ya mwisho ya mwezi huu. Halafu tunarudi nyuma kidogo kidogo mpaka tuguse Jumamosi. Miezi haifanani mwisho, mmoja unaishia thelathini, mwingine thelathini na moja, Februari ndiyo usiseme. Lakini kila mwezi una tarehe moja."

Mkurugenzi alitutazama sote, akafungua mikono. "Mimi niende mpaka Septemba kutafuta Jumamosi ya Agosti? Na huko Septemba nitalala wapi?"

Tulicheka sana. Mshahara unachekesha, ndugu zangu, msidanganyike. Basi ikaandikwa nne, na Mzee akaamuru kwamba kanuni hiyo isiguswe na mtu yeyote bila idhini yake mwenyewe.

Umuganda wa Juni ukafika, mashine ikapatia. Julai, ikapatia tena. Mheshimiwa, wewe humjui Mkurugenzi huyu akipatia! Kila akipita kwenye meza ya Mama Kayitesi alikuwa hasalimii. Ananyanyua vidole vinne, anavitingisha, anaendelea na safari. Asubuhi vinne, mchana vinne. Na yeye anamjibu, "Shikamoo, Mkurugenzi," anaendelea kuchapa kazi.

Kisha Agosti ikaja na Jumamosi tano.

Ile ya nne mashine ilifuta safari zetu zote za asubuhi. Kigali nzima ilikuwa kwenye shughuli zake za kawaida, abiria wamejaa gare, wenzetu wa kampuni nyingine wanawapakia abiria wetu huku wakitupungia mikono, na madereva wetu wamekaa kivulini wanacheza igisoro, bao la kwetu. Mkurugenzi alikuwa Kampala akishonewa suti, kwa sababu wiki iliyofuata mwanawe Rodney alikuwa anakwenda kuomba mchumba, ndiyo gusaba. Mama Kayitesi akamwandikia ujumbe: naomba idhini ya kubadilisha kanuni ya Jumamosi. Jibu likarudi: "Tutaongea baada ya sherehe."

Sasa nisikilizeni vizuri. Gusaba ya Rodney ilipangwa siku gani? Jumamosi ya tano. Saa ngapi? Saa nane mchana. Wapi? Nyamasheke, kule kwenye ziwa, mwendo wa nusu siku. Basi la nani? La Mkurugenzi. Tutoke saa ngapi? Mashine ikasema hakuna umuganda, tokeni saa mbili kasorobo. Mimi nilimfuata Mzee pale gare, nikamwambia kwa adabu zangu zote, "Mzee, jirani yangu nimemwacha anatafuta jembe." Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Nasiri, siku hizi unabishana na kompyuta?"

Tukapanda. Wanaume suti, wanawake mishanana, vikapu vya zawadi mbele, Mama Kayitesi nyuma kabisa karibu na dirisha. Yeye alialikwa kwa sababu Rodney alikuwa anafanya kazi za shule ofisini kwake tangu akiwa mdogo, na anamwita shangazi. Tukavuka mto Nyabarongo, tukapanda kuelekea Kamonyi, tunaimba. Kwenye kona moja tukakuta mama mmoja mfupi, mkuu wa umudugudu, yaani kijiji kile, amesimama katikati ya barabara na watu wake, na nyuma yao mfereji mrefu.

Mkurugenzi akateremka na simu mkononi. "Mama, mashine yetu inasema leo haiko umuganda."

Yule mama akaitazama simu kwa heshima kabisa. Akasema, "Iteremshe na hiyo mashine, nayo tutaipa jembe."

Ndugu wageni, mimi nimeona mengi katika maisha ya gare. Sijawahi kuona suti iliyotoka Kampala juzi ikishuka ndani ya mfereji. Tulilima. Bwana harusi alilima. Shangazi wa damu wa bwana harusi, mwenye visigino vya kuchomea ardhi, alibeba udongo. Na katikati ya kazi, tope likiwa limefika magotini, Mkurugenzi akamgeukia Mama Kayitesi mbele ya watu wote.

"Kayitesi. Jumatatu usije kazini. Mashine yako imeniaibisha mbele ya watu."

Majembe yakasimama. Mnajua neno lile lilimaanisha nini? Zilikuwa zimebaki siku chache tu apewe barua ya kuanza miezi sita yake ya mwisho kabla ya kustaafu. Mtu aliyeijenga mashine ile, aliyeilea, alikuwa anafukuzwa ndani ya shimo la barabarani kwa kosa alilolipinga kwa mdomo wake. Tangu siku hiyo kila mahali angetajwa kuwa ndiye aliyeharibu gusaba ya mtoto wa bosi. Alivua miwani, akaipangusa tope. Kisha akasema, "Sawa, Mkurugenzi. Ila shika mpini chini kidogo, utajikata mguu."

Kazi ikaisha, kikao kikafanyika, na wenyewe walivyo wakarimu wakatupigia makofi kama wageni. Tukafika Nyamasheke saa kumi na moja jioni. Hakuna aliyeimba njiani.

Wenyeji walikuwa wamekaa upande wao, wamenyooka, hawatabasamu. Msemaji wao, Mzee Habiyaremye huyu, alikuwa amechezea fimbo yake muda mrefu kiasi kwamba ilikuwa inang'aa. Msemaji wetu alikuwa mimi. Wageni wetu mjue kwamba katika gusaba wazazi hawasemi. Wasemaji ndio wanaochokozana, wanatozana faini, wanapigana chenga, na neno likitoka mbele ya pande mbili halirudi. Mzee Habiyaremye akauliza, "Mmechelewa. Nani amewachelewesha?"

Nikasema pancha.

Akatazama viatu vyetu, kimoja baada ya kingine. "Pancha gani hii iliyochafua viatu vya watu wote?"

Nikasema ng'ombe walivuka barabara. Akauliza ng'ombe hao walikuwa wanalima? Upande wao wakacheka, upande wetu tukaanza kutoka jasho. Mwisho akasimama. "Msemaji, acha kutuzungusha. Sisi hatutoi binti kwa watu wasiojua nani amewachelewesha. Tutajie mtu huyo, au rudini na zawadi zenu."

Hapo mambo yakawa mazito. Rodney alinishika koti kwa nyuma. Kamikazi alikuwa ndani, anasikia yote, na baadaye alituambia alikuwa ameanza kutoa hereni. Jina lilikuwa kwenye ncha za midomo ya watu wote wa upande wetu, na kila mtu alijua ni lipi, maana ndilo lililotajwa asubuhi ndani ya mfereji. Mama Kayitesi alikuwa safu ya mwisho, tope limekaukia kwenye mshanana wake, ameinamisha kichwa kama anayesubiri kuitwa. Mimi nilifungua mdomo, na naapa mpaka leo sijui ningesema nini.

Sikupata nafasi. Kiti kililia nyuma yangu. Mkurugenzi, mzazi, ambaye kwa mila hatakiwi hata kukohoa, alikuwa amesimama. Alimtazama mwanawe. Aligeuka akamtazama Mama Kayitesi. Kisha akanyanyua mkono, si vidole vinne safari hii. Vyote vitano.

"Kuna mtu aliniambia mwezi mwingine iko na Jumamosi tano," akasema. "Mimi nikamwambia andika nne. Huyo mtu leo asubuhi nimemfukuza kazi. Aliyewachelewesha ni mimi."

Jamani. Mimi ninamtania Mzee huyu kila siku na nitaendelea kumtania, ndiyo maana hajawahi kunipandisha cheo. Lakini pale nilimpenda. Ni mtu mbishi, ana majivuno ya kutosha mabasi matatu, na siku ile alisimama na suti yake ya tope mbele ya wakwe na akajitaja mwenyewe bila kulazimishwa. Wangapi kati yetu tungeweza?

Mzee Habiyaremye akaketi, akatoa hukumu. Alisema, "Faini yenu si ng'ombe. Faini ni hii. Huyo mtu Jumatatu arudi kazini, amalize siku zake kwa heshima. Na siku atakayoondoka mtamfanyia karamu kama hii ya kwetu, nami nitakuja kuhesabu sahani. Mkikubali, mlete bwana harusi." Tukakubali kwa vigelegele ambavyo nadhani vilisikika Bukavu. Kamikazi akarudisha hereni masikioni.

Ndiyo maana, Mheshimiwa, unaona nyama yote hii. Usifikiri kampuni imekuwa na ukarimu. Hii ni faini.

Jumatatu ile Mkurugenzi alifika kwenye meza ya Mama Kayitesi, akavuta kiti, akasema, "Haya, nipeleke Septemba." Akaelekezwa taratibu: tarehe moja, toa siku moja, rudi mpaka uguse Jumamosi. Akaidhinisha. Tangu siku ile hatujakosea hata mwezi mmoja, na leo asubuhi sote tumelima bila suti. Naona leo Jumamosi ya nne ndiyo ya mwisho, Mzee, lakini tafadhali usianze kujisifu.

Kuna jambo moja aliloniambia wiki hii, nikamwomba ruhusa nilitumie. Barua yake ya kustaafu ilipotoka, ilihesabiwa kuanzia siku ile ya mfereji, tarehe thelathini Agosti, miezi sita. Jumlisheni wenyewe. Mnapata tarehe thelathini Februari. Siku hiyo Mungu hakuiumba. Nikamuuliza, sasa mashine inafanyaje ikiambiwa iende kwenye siku ambayo haipo? Akasema, "Kaka Nasiri, mashine iliyofundishwa vizuri haianguki upande wa pili. Inasimama kwenye siku ya mwisho iliyopo." Siku hiyo ni leo. Tarehe ishirini na nane. Imesimama hapa, na sisi tumesimama nayo.

Mama Kayitesi, dada yangu, sina kilemba cha ukoka cha kukuvika. Ulitukosoa bila kututukana, na tulipokosea hukutucheka, isipokuwa Niyongabo, naye alistahili. Umenifanya nijue kwamba mtu anaweza kuwa sahihi na bado akakaa kimya safu ya nyuma bila kuchukia. Mimi siwezi. Nikiwa sahihi Nyabugogo nzima hailali. Nitakukosa, na ninalisema hivyo hivyo kavu, maana mtu aliyefunga hana nguvu za kulipamba.

Mzee Habiyaremye, umehesabu sahani? Basi nakuuliza mbele ya pande mbili: faini imelipwa? Subiri, usijibu upesi. Ukisema imelipwa, mama huyu anaondoka. Nakuomba kama msemaji kwa msemaji mwenzake: sema bado. Sema nyama ni ngumu, sema soda ni za moto, tafuta kasoro yoyote, ili Jumatatu arudi tulipe upya.

Naona anatingisha kichwa. Naona na wewe, Mama Kayitesi, unatingisha kichwa, na mkoba umeacha kuupekua. Haya. Nimeshindwa.

Mkurugenzi, tafadhali simama. Nyanyua mkono, ule wa Nyamasheke. Vidole vyote. Na ninyi wote nyanyueni, mumuage hivyo, kisha muishushe mikono mchukue sahani. Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu huku matumbo yenu yakinung'unika; Mungu awalipe, nami mnibakizie mishikaki mpaka jua lizame.

Kesho ni tarehe moja. Tutafika pale bila wewe, Mama Kayitesi, tutoe siku moja kama ulivyotufundisha, na tutakukuta hapa, umekaa, unacheka.